Hogo likibana usijikaze: mazungumzo na madereva wa bodaboda

Sogeeni huku kivulini wakuu, sauti yangu siyo kubwa. Leo siongelei helmeti, hayo mmeshaambiwa sana. Naongelea mguu ukishavunjika, hasa muundi, maana pikipiki ikilala inaulalia huo huo.

Hospitali watakunyoosha, watakufunga hogo, ile plasta ngumu, unarudi nyumbani. Sasa siku mbili tatu za mwanzo ndo mguu unavimba kwelikweli, na hogo likishakauka halitanuki. Nyama za muundi zimekaa kwenye mifuko minne, ngozi ya mifuko hiyo ni ngumu, haivutiki, kwa hiyo uvimbe ukikosa pa kwenda unabana vimishipa vya damu, nyama zinakosa oksijeni, na ndani ya masaa sita hivi zinaweza kuanza kufa kabisa.

Utajuaje? Maumivu yanazidi badala ya kupungua, dawa haifui dafu, mtu akikuvuta kidole gumba cha mguu kidogo tu unapiga yowe, halafu ganzi. Msisubiri vidole viwe vyeusi jamani! Mapigo yanaweza kuwepo, vidole vina joto, na huku ndani nyama zinakufa. Daktari wa Kijerumani, Volkmann, aliandika mwaka 1881 kuhusu mikono iliyofungwa bandeji za kubana ikaishia kujikunja, na ndo hicho hicho kinawapata watoto wetu wakidondoka mwembeni, wanavunjika juu ya kiwiko, wanafungwa vijiti na kamba kwa nguvu, vidole vinabaki vimejikunja.

Mimi kazi yangu ni mazoezi, watu wananifikia baadaye. Nimepokea vijana unyayo hauinuki tena, ukiwauliza wanasema usiku ule walilia ila ndugu wakawaambia jikaze, wewe mwanaume. Inaniuma sana hiyo.

Rudi hospitali usiku huo huo, hata saa nane, chukueni bajaji. Hogo lipasuliwe urefu wote pamoja na bandeji ya ndani mpaka ngozi ionekane, mguu ukae usawa wa moyo, usiupandishe kwenye mito mitatu maana damu inashindwa kupanda. Usipotulia ni theta, chumba cha upasuaji, wanafungua ile mifuko, kidonda kinaachwa wazi siku kadhaa, kinatisha kweli ila ndo kinaokoa mguu. Na msiogope hogo kupasuliwa, mfupa ukihama utanyooshwa tena.

Haya, kaka mwenye magongo pale nyuma, hebu chezesha vidole nione.