Fulana Tatu Safari Nzima: Kuchagua Nguo za Sufu ya Merino

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza naomba mlitazame begi hili. Ni la mgongoni, la kawaida, na ndilo pekee nililobeba katika safari yangu ya mwisho, siku 18. Ndani mna fulana mbili. Ya tatu ndiyo hii niliyoivaa. Mna chupi tatu, soksi jozi tatu, suruali moja ya ziada, sweta jembamba, koti la mvua na viatu vya wazi. Nilipolipima lilikuwa kilo 6 na nusu. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 hadi 10, kwa hiyo sikupanga foleni ya kukabidhi mizigo, na nilipofika sikusimama kungoja sanduku litokee.

Zamani safari ya siku saba nilikuwa naibebea fulana saba za pamba. Siku moja, nguo moja. Hesabu hiyo inaonekana haina kasoro, na ndiyo inayojaza masanduku ya watu. Mtu akiambiwa apunguze mzigo, anakimbilia kutafuta nguo nyepesi, anaanza kulinganisha gramu. Lakini fulana ya poliesta ya michezo aghalabu ni nyepesi kuliko ya sufu, na bado mwenye poliesta atabeba tano. Cha kuuliza ni hiki: nitaivaa siku ngapi kabla haijadai kufuliwa? Mzigo wako unaamuliwa na jibu la swali hilo. Mimi nimehamia kwenye merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, kwa sababu hiyo moja tu, na mengine mazuri yake nayachukua kama nyongeza.

Najua wapo humu ambao wakisikia neno sufu wanakumbuka blanketi linalowasha. Wana haki. Kuwasha kunatokana na unene wa unyuzi, ambao hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unyuzi wa mikroni 30 hivi au zaidi una ncha ngumu; ukigusa ngozi haupindi, unachoma. Unyuzi mwembamba hupinda kabla haujachoma. Kondoo wa merino hutoa nyuzi ambazo kwa kawaida hazizidi mikroni 24, na nguo nzuri za kuvaa karibu na ngozi huwa kama 17 hadi 19. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara tatu na zaidi. Kondoo hawa walikuzwa Hispania, na kwa muda mrefu ilikuwa marufuku kuwatoa nchini humo. Walianza kusambaa Ulaya katika karne ya 18, wakafika Australia mwaka 1797, na leo Australia ndiyo inayoongoza duniani kwa sufu laini ya nguo. Ukiona mtengenezaji ameandika mikroni kwenye lebo, huyo anajiamini. Asipoandika, usinunue kwa macho. Isugue nguo ndani ya kiwiko au kwenye shingo, hapo ngozi haidanganyi.

Sasa harufu, maana hapa ndipo mzigo unapopungua.

Jasho likitoka mwilini karibu halinuki. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolila, na mabaki yao ndiyo tunayoyaita kikwapa. Poliesta hainywi maji, lakini inapenda mafuta. Mafuta ya ngozi hung'ang'ania juu ya nyuzi zake, bakteria wanapata karamu, na harufu inakaa hapohapo ikingoja mwili upate joto iachiliwe. Ndiyo maana fulana ya kuchezea mpira iliyofuliwa jana inaweza kuanza kunuka dakika kumi baada ya kuivaa. Sufu ina tabia nyingine. Inanyonya mvuke wa jasho hadi ndani ya unyuzi, karibu theluthi ya uzito wake, na bado ukiigusa husemi imelowa. Harufu nayo inanaswa humo ndani badala ya kukurukia puani, kisha sehemu yake hutoka nguo ikipigwa na hewa, na iliyobaki hutoka ikifuliwa.

Katika safari ile nilifanya jaribio. Fulana moja niliivaa siku nne mfululizo, mchana natembea, usiku naitundika dirishani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Asubuhi ya siku ya tano niliinusa kwapani, pua imegusa kitambaa. Ilikuwa na harufu hafifu ya sufu, kama nywele kavu, na kwa mbali kidogo, mwili. Mwenzangu wa safari alikuwa na fulana ya poliesta ya siku moja, na hatukuhitaji kuisogeza puani. Simaanishi kwamba merino haichafuki. Vumbi, mchuzi na mafuta ya kujipaka vinaishika kama nguo nyingine yoyote. Nasema inakupa siku, na kila siku inayokupa ni nguo moja unayoiacha nyumbani.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kila kilichoandikwa merino kinafaa. Hii hapa mkononi mwangu niliinunua kwa sababu ilikuwa laini kama hariri. Naiinua kwenye mwanga: mnauona mkono wangu upande wa pili? Na hapa chini, karibu na pindo, mnaona vitundu vitatu. Hapo ndipo mkanda wa begi unapobana kiunoni. Ilidumu safari mbili. Kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na hiki ni 120 cha sufu tupu. Chepesi mno kwa mtu anayebeba begi mgongoni. Fulana ya msafiri mimi naitaka iwe 150 au karibu na hapo. Ya mwanamume wa wastani inakuwa na uzito wa gramu 150 hivi. Fulana ya mikono mirefu kwa baridi, 200. Kufika 250 ni nguo ya milimani.

Nyingine ni hii. Nayo ni 150, lakini sufu imezungushwa juu ya uzi mwembamba wa nailoni, nailoni ikiwa kama asilimia 13. Ngozi inagusa sufu, nguvu inabebwa na nailoni. Hii ina miaka mitatu. Kuna watu wanaoona nailoni ni uchakachuaji, wanataka asilimia 100. Nawaelewa, ila siwafuati. Kwenye soksi hata sibishani: soksi ya sufu tupu hutoboka kisigino mapema, na soksi bora zote nilizowahi kuvaa zina nailoni ya kutosha. Unachotakiwa kukiogopa ni lebo yenye neno merino kwa herufi kubwa, halafu ndani, kwa herufi ndogo kama sisimizi, unakuta sufu asilimia 20 na zilizobaki akriliki, nyuzi za kiwandani. Hapo umenunua jina.

Suruali za merino mimi sizigusi kwa sababu ya bei, na paja halitoi jasho la kunuka kama kwapa. Suruali yoyote nyembamba inayokauka haraka inatosha.

Kufua. Nilipoteza sweta langu la kwanza kwa kulitia kwenye mashine ya maji ya moto, nikalikausha kwenye mashine ya joto. Lilitoka limesinyaa, nene kama zulia, linamfaa mtoto wa miaka sita. Niliumia sana, kwa sababu lilikuwa zawadi. Kumbe kila unyuzi wa sufu una magamba kama ya samaki. Joto, maji na msukosuko huyafanya yashikane na yasiachane tena. Nguo nyingi za siku hizi magamba yake yamepunguzwa au kufunikwa kiwandani ili zistahimili mashine, na lebo itakuambia. Hata hivyo, safarini nafua kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikiminya bila kusugua. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiisogeze kabisa, inayeyusha sufu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kutoa madoa ya damu na chakula nazo ziache, maana sufu ni protini kama nywele, na kimeng'enya hakijui tofauti ya doa na fulana. Usiikamue kwa kuisokota. Itandaze juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kanyaga. Taulo linakunywa maji yote, na fulana ya 150 ikitundikwa penye hewa kwa kawaida asubuhi unaivaa. Poliesta ingekauka mapema zaidi, hilo nakubali.

Ukirudi nyumbani, usiihifadhi ikiwa chafu. Viwavi vya nondo hula sufu, na hupenda zaidi penye jasho na chakula. Ifue, ikauke vizuri, ifunge kwenye mfuko usioingiza kitu.

Jambo jingine linanigusa, na nitalisema ingawa halihusu uzito wa begi. Merino wengi wana ngozi yenye mikunjo, na nzi hutaga mayai kwenye mikunjo ya nyuma. Kuzuia hilo, wafugaji wengine hukata kipande cha ngozi ya makalio ya mwanakondoo. New Zealand ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 2018. Watengenezaji wanaonunua sufu kwa wafugaji wasiofanya hivyo huandika kwenye lebo. Mimi nimeacha kununua isiyoandikwa. Nguo ninazohitaji ni chache, kwa hiyo naweza kuchagua.

Kuna dada pale nyuma ameuliza kabla hatujaanza: nchi za joto je? Sufu si ya baridi tu. Jasho linaponyonywa na kutoka kama mvuke, mwili unapoa. Chagua nyembamba, 150 au chini kidogo, na iwe pana isikugande. Ila penye joto la unyevunyevu, ambako hata taulo halikauki, fulana yoyote italowa na merino itachelewa kukauka kuliko poliesta. Huko mimi nabeba moja zaidi.

Na aliyeuliza aanze na ipi kama mfuko hauruhusu vyote: anza na soksi jozi mbili na chupi mbili. Ndizo zinazofuliwa mara nyingi kuliko nguo zote na ndizo zinazonuka mwanzo. Zivae wiki moja ukiwa nyumbani, uzifue kwenye beseni jioni, uone asubuhi kama zimekauka. Fulana utainunua baadaye, ukishajua ngozi yako inasemaje. Hizi mbili naziacha hapa mezani, yenye vitundu na isiyo navyo. Njooni mzishike.