Sumaku Haina Ufunguo

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie uhifadhi wa bastola nyumbani, na kwa kuwa wengi wenu hapa Lubumbashi mmekwisha kunisikia juu ya jambo hili, sitarudia habari za kibali wala za sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inayoongoza silaha na risasi nchini kwetu. Leo nina ugomvi na kitu kimoja tu, nacho ni kile kipande cha sumaku kilichofunikwa mpira, ambacho watu huagiza kutoka ng'ambo, wakakifunga kwa skrubu chini ya meza au ubavuni mwa kitanda, kisha wakaniambia kwa fahari kwamba silaha yao imehifadhiwa. Haijahifadhiwa. Imetundikwa, kama koti msumarini, na yeyote apitaye anaweza kulichukua.

Siidharau sumaku yenyewe. Imetengenezwa kwa neodimu, chuma na boroni, na hukamata slaidi ya bastola, yaani ile sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele, kwa nguvu ya kutosha kabisa, kwa sababu slaidi ni ya chuma hata pale ambapo fremu, yaani kiunzi chenye mpini, ni ya plastiki. Nyinyi watu wa mji huu wa shaba hamhitaji mwalimu wa kuwaeleza kwamba maganda ya risasi, ambayo kwa kawaida ni shaba na zinki, hayavutwi. Ninachouliza mimi ni hiki: sumaku hiyo inautambuaje mkono wa mwenye nyumba na mkono wa mtoto wake?

Hapo ndipo ninapojibiwa, kila mara, kwamba mtoto amefundishwa. Basi nisikilizeni. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wavulana 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Waliwaingiza katika chumba, wawili wawili au watatu watatu, nao wakawatazama kupitia kioo kinachomruhusu mtu wa upande wa pili kuona bila kuonekana. Katika droo za chumba hicho walikuwa wameficha bastola mbili za maji na, katika droo nyingine, bastola ya kweli ya kalibari .380, ambayo ilitiwa kifaa cha kuwasha taa kila mara kifyatulio kilipovutwa kwa nguvu inayotosha kufyatua. Watoto waliachwa humo kwa muda usiozidi dakika 15. Wavulana 48 waliiona ile bastola ya kweli, 30 wakaishika, na 16 wakavuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli. Tena, zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walisema kwamba waliwahi kufundishwa usalama wa silaha.

Walikuwa wamefundishwa, mzee wangu, kama wako alivyofundishwa! Na angalieni kwamba wale walilazimika kufungua droo, ilhali wewe huna hata droo. Unasema kwamba chini ya meza hakuna atakayeona, lakini ni nani katika nyumba yako anayeijua meza upande wa chini? Si wewe uliyekaa kitini. Ni yule anayetambaa kutafuta mpira wake. Halafu nyumba zetu si za watu watatu: likizo ikianza, watoto wa shangazi wanatoka Likasi na Kolwezi, na hao hukuwafundisha wewe.

Pingamizi la pili ni la jambazi. Ananiambia mfanyabiashara wa Kampemba: mlango unavunjwa usiku wa manane, umeme umekatika, nami nitapapasa ufunguo? Hofu hiyo ni ya kweli na siicheki. Lakini yapo masanduku madogo ya chuma yenye vitufe vya kubonyeza, yasiyohitaji betri wala taa, ambayo mkono uliozoezwa huyafungua gizani kwa sekunde chache. Kuhusu sumaku, huyo mfanyabiashara anasahau kwamba mwizi mwenye akili huja mchana, yeye akiwa dukani, na bastola iliyotundikwa itaondoka pamoja na televisheni, kisha itatumika kwa jirani, na polisi watamrudia yule ambaye jina lake limo katika kibali. Anayeshikilia sumaku yake aitumie akiwa yeye mwenyewe yumo chumbani, na akitoka, hata kwenda kuoga, bastola iende naye au iingie sandukuni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapitia kwa haraka. Kilo zinazoandikwa kwenye sumaku hupimwa kwa kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye bapa nene la chuma, na bastola iliyobandikwa kwa ubavu huteleza kwa nguvu ndogo zaidi. Skrubu zilizopigwa katika ubao wa unga wa mbao hung'oka. Kifyatulio kinabaki wazi, na kidole kinachopapasa gizani kinaweza kukifikia kwanza. Mnaoniuliza kila mara kama joto litaua sumaku, zile za kawaida huanza kudhoofika zikifika nyuzi 80 hivi, na chumba chako cha kulala kikifika huko, bastola si shida yako tena.

Kwa asiyeweza kununua sanduku la kutoka nje, mji huu haujawahi kukosa wachomeleaji. Mwambieni fundi aweke bawaba kwa ndani, kufuli lisiachwe mahali pa kukatwa kwa msumeno, na boliti zitoke ndani ya sanduku kuingia ukutani, si kwenye ubao wa kabati. Risasi nazo, kwa yule asiyelala na silaha iliyojazwa, ziwe na kisanduku chao na ufunguo wao.