Mkeka wa Mama Waenda Sardinia

KASSIM: Haya, tumeanza. Wasikilizaji, leo tuliwaahidi mambo matano ya kupanga siku ya familia ufukweni, na mfano wetu ni La Pelosa, kule Stintino, kwenye kisiwa cha Sardinia, hapa hapa Italia. Ila mwenzangu Zuhura, Mama Nasra, kaingia hapa kanuna, hata kahawa kaikataa.

ZUHURA: Mimi na mama hatusemezani tangu asubuhi.

KASSIM: Mara hii? Si kafika juzi tu?

ZUHURA: Kafika na mkeka, Baba Shufaa. Ule wa ukindu, wa rangi rangi. Kaukunja, kaufunga kwa kanga, njia nzima kutoka Tanga kaupakata. Mhudumu wa ndege akamwambia kitu hiki kiende na mizigo. Mama akamjibu kwa Kiswahili, tena kile cha Pangani. Mkeka ukabaki mapajani.

KASSIM: (anacheka) Huyo ndiye bibi ninayemjua.

ZUHURA: Sasa jana usiku nakata tiketi za ufuko. Pale huingii hivi hivi. Msimu wa joto ni watu 1,500 kwa siku, basi. Unaweka nafasi kwenye programu yao, euro 3.50 kila kichwa, watoto chini ya miaka 12 bure. Nasoma masharti nakuta ni marufuku kutandika taulo mchangani bila mkeka chini yake. Faini euro 100.

KASSIM: Ati mkeka?

ZUHURA: Mkeka! Taulo likilowa linazoa mchanga, ukifika nyumbani unalikung'utia bafuni. Zidisha kwa watu wote wa kiangazi kizima, ufuko unaisha unaona. Mkeka ukiuinua, mchanga unadondoka pale pale. Nikamwendea mama mbio, mama, mkeka wako umepata kazi! Akaniangalia, akasema: "Huu ni wa kukalisha wageni, si wa kukalia watu walio uchi."

KASSIM: Na kasema kweli tupu.

ZUHURA: Wewe tena!

KASSIM: Ufukweni hauendi na mkeka, Mama Nasra, unakwenda na jamvi. Jamvi la miyaa, pana, watu kumi mnaenea na sufuria juu. Hilo hata ukilimwagia mchuzi halina neno.

ZUHURA: Jamvi linakwaruza. Mtoto akikaa dakika kumi, mapaja yote michoro.

KASSIM: Sisi tumekulia juu ya majamvi Mombasa, umeona michoro wapi?

ZUHURA: Sijaangalia mapaja yako, samahani.

KASSIM: (anacheka) Astaghfirullah. Haya, tuseme umeubeba huo mkeka. Zambarau ile ikilowa maji ya chumvi inafanya nini?

ZUHURA: ...Inachuja.

KASSIM: Inachuja! Pale mchanga ni mweupe pe, ndio sifa yake. Mnanyanyuka saa kumi jioni, nyuma yenu pana mistari ya zambarau na kijani. Faini ya hiyo hata hawajaiandika.

ZUHURA: Nautandika upande wa nyuma.

KASSIM: Kwani rangi inajua nyuma? Bibi kashinda. Mkeka wako umechanika.

ZUHURA: Usituletee habari zako za kubeti hapa.

KASSIM: Na pale ukili unaposhonwa na ukili mwenzake, pale kwenye mshono, mchanga unajificha. Unatoka nao Stintino bila kujua, unafika bandarini Porto Torres wanaukung'uta mbele yako.

ZUHURA: Usicheke, wanakamata kweli. Mwaka 2019 Wafaransa wawili walikutwa pale pale Porto Torres na kilo 40 za mchanga garini, umo ndani ya chupa 14. Walidai ni kumbukumbu.

KASSIM: Kilo 40 za kumbukumbu! Huo si mchanga wa kujengea?

ZUHURA: Tangu 2017 kuna sheria ya Sardinia yenyewe, kuchukua mchanga au kokoto faini ni euro 500 mpaka 3,000. Na wale wawili wizi wao ulikuwa na kesi ya kifungo kabisa. Kwa hiyo nikiambiwa nilipe tatu na nusu ili ufuko ubaki, nalipa bila kinyongo.

KASSIM: Hapo ndipo tunapoachana.

ZUHURA: Nilijua.

KASSIM: Bahari haina mlango. Kwetu pwani ni ya umma kisheria, lakini nenda utafute njia ya kufikia maji: hoteli hapa, ukuta pale, askari anakuuliza unaenda wapi. Na ukuta haukuanza kama ukuta. Ulianza na mtu kusema "tunapangilia tu". Leo kiingilio cha kulinda mchanga, kesho kiingilio cha kulinda kivuli.

ZUHURA: Unachanganya. Ukuta wa hoteli unamlinda mwenye hoteli. Hapa halmashauri ndiyo inayotoza, na tajiri na mimi tunalipa sawa.

KASSIM: Tatu na nusu ya tajiri na tatu na nusu ya mfanyakazi wa usafi mwenye watu wazima sita nyumbani ni sawa?

ZUHURA: Euro 21 kwa siku moja ya mwaka. Meli inakula mara ngapi ya hiyo?

KASSIM: Si hesabu ninayosema. Mtu asiye na simu nzuri, asiyesoma Kiitaliano, nafasi zimejaa kabla hajajua zimefunguliwa.

ZUHURA: Basi nenda Budelli. Kisiwa kidogo chenye ufuko wa rangi ya waridi, kaskazini mashariki ya Sardinia. Watu walichota mchanga mpaka mwaka 1994 ufuko ukafungwa kabisa, hukanyagi. Huko hakuna tiketi, hakuna programu, hakuna ufuko. Unataka hiyo?

KASSIM: Sitaki hiyo, na sitaki hii.

ZUHURA: Ipo ya tatu?

KASSIM: Ipo. Weka walinzi, toza faini wezi, waache watu.

ZUHURA: Mlinzi analipwa na nini? Kwa dua?

KASSIM: Kwa kodi! Nalipa kodi Italia mwaka wa ngapi huu?

ZUHURA: Sikubali.

KASSIM: Usikubali. Hata mimi sijakubali.

(kimya)

ZUHURA: ...Jamvi lenyewe hapa Genova nalipata wapi?

KASSIM: Kuna vile vimikeka vya majani makavu vinauzwa maduka ya ufukweni.

ZUHURA: Mama akikiona kile atalia.

KASSIM: Fundi ananionyesha dakika mbili. Mama Nasra, mambo matano.

ZUHURA: Tumesema la tiketi.

KASSIM: Tumeligombania.

ZUHURA: Haya, haraka. Meli ya usiku kutoka Genova, asubuhi mpo Porto Torres, kisha kilomita 30 hivi kwa gari. Kwa watoto pazuri, kina ni kifupi mpaka mbali, wakubwa wanatembea majini hadi kwenye ule mnara wa 1578. Mbele yenu ni Asinara, kisiwa cha punda weupe...

KASSIM: Punda weupe! Mbona hukuanza na punda?

ZUHURA: Ulikuwa kwenye jamvi! Na yale majani makavu yaliyorundikana ufukweni msiyaite uchafu, ni Posidonia, mmea wa baharini, yanazuia mawimbi yasibebe mchanga. Chakula...

KASSIM: Fundi anagonga kioo.

ZUHURA: Na kivuli? Kivuli hatujasema!

KASSIM: Wiki ijayo. Zima, zima.