"Huko Uingereza hakuna viwanda? Mbona wote mnaosha wazee?" Najibu

Jamani, leo najibu, maana kila nikiweka video swali ni hilohilo. Najua kuna atakayesema najisifu, na mwingine atasema nalalamika. Semeni tu.

Mimi naishi Sheffield, mji wa huku Uingereza. Chuma kisichoshika kutu, hicho cha visu vyenu vya jikoni, Harry Brearley alikigundua hapahapa mwaka 1913. Leo ukienda Meadowhall, lile jengo kubwa la maduka lililofunguliwa 1990, umesimama palipokuwa na kiwanda cha chuma cha Hadfields. Babu aliyeyusha chuma, mjukuu anauza viatu. Na chuma bado kinafuliwa Sheffield, ila mashine zimeshika nafasi za watu, na bidhaa nyingi zinatoka China kwa bei ya chini. Shambani nako wamebaki wachache mno.

Sasa, mshahara wa mtu ukiwa mara mbili, hatakula ugali mara mbili. Anataka daktari, anataka mtoto asome, anataka mama yake mzee aangaliwe. Na kumwogesha bibi asiyeweza kusimama kunachukua muda uleule wa miaka 50 iliyopita, hakuna mashine ya kukuharakisha. Wazee wakiongezeka, lazima mikono iongezeke. Ndiyo maana zaidi ya kazi 8 katika kila 10 nchi hii ni za huduma: hospitali, shule, benki, hoteli, kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa. Hata wenyewe Waingereza wako humo.

Kwa hiyo anayeniandikia "shahada yako inaozea huko" ananiumiza kweli. Nilikuja kwa viza ya ndoa. Mtihani wa Kiingereza nimelipia, viza nimelipia, na ada ya matibabu peke yake sasa ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, unatoa zote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Muda ukiisha, unalipa upya. Halafu mwajiri wangu wa kwanza, simtaji, alikuwa halipi muda wa kutoka nyumba ya mzee huyu kwenda ya yule. Natembea na mvua, bure.

Mnaouliza kama mje: hali ya kila mtu ni yake, mimi simshauri mtu. Ila tangu Julai 2025 waajiri wa kea hawaruhusiwi tena kuleta wafanyakazi wapya kutoka nje. Anayekuuzia sponsa ya kea leo, yaani udhamini wa mwajiri wa kuombea viza, anakuibia. Usiuze kiwanja.