Ngoma za Plastiki na Kisamvu cha Mama Zuhura

NEEMA: Haya, tupo hewani. Leo nimekuja na karatasi kabisa: mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua gemu ya zamani. Shabani, naomba usiniharibie.

SHABANI: Siharibu kitu. Ila kabla ya karatasi, kuna suala la kisamvu.

NEEMA: Kisamvu tena?

SHABANI: Jumamosi si nilipita kwenye yadi moja ya vitu vya mtumba, jina silitaji. Nikakuta Wii ya Marekani, ile mashine ya gemu ya Nintendo, diski ya Rock Band ile ya kwanza, gemu ya kupiga muziki kwa kufuata rangi kwenye TV, na ngoma zake za plastiki. Vipigio vinne: nyekundu, njano, bluu, kijani. Kasoro pedali ya mguu tu.

NEEMA: Ukanunua ngoma bila pedali.

SHABANI: Dada Neema, pedali ni swichi tu ile! Nikaenda kwa fundi redio, kanipa na transfoma maana ile Wii inataka volti 120, halafu kachukua kitufe cha kengele ya mlangoni akakiunga na waya. Nimekibandika chini ya kandambili. Nakanyaga, inapiga.

NEEMA: Kandambili ya kushoto au ya kulia?

SHABANI: Ya kulia. Sasa usiku mtoto kalala, siwezi kufungulia muziki. Nafunga sauti ya TV kabisa, napiga kwa kuangalia rangi. Kumbe kwa jirani kinachosikika ni tu, tu, tu-tu, tu. Siku tatu. Jumanne jioni mtoto wa Mama Zuhura kaja na bakuli na nazi nzima. "Mama anasema hii ya kutia, na kikiiva mumkumbuke."

NEEMA: [anacheka] Alidhani mnatwanga!

SHABANI: Siku tatu anasikia mchi! Na mke wangu kapokea nazi, kasema asante. Mimi nimesimama pale na vijiti vya ngoma mkononi.

NEEMA: Sasa si ungesema ukweli.

SHABANI: Nimwambie mama mtu mzima kwamba mwanaume wa miaka 38 anakesha anapiga plastiki? Nilikwenda sokoni usiku uleule nikanunua kile kilichotwangwa tayari, cha kwenye mfuko. Tumepika, tumepeleka. Unajua kajibu nini? "Mbona kina nyuzi, na mlivyotwanga siku zote zile?"

NEEMA: Mungu wangu. Haya. Turudi kwenye gemu. Ulijaribu kuingia mtandaoni?

SHABANI: Nilitafuta. Menyu nimeigeuza juu chini. Hamna.

NEEMA: Hamna kwa sababu haikuwekwa, na hapo ndipo karatasi yangu inapoanzia. Rock Band ilitoka mwishoni mwa 2007. Kwenye mashine nyingine, Xbox 360 na PS3, ulikuwa unaunda bendi na watu walio mbali kwa mtandao, na kila wiki nyimbo mpya zilikuwa zinashuka kwenye duka la humo humo, nyingi dola 1.99 kwa wimbo. Ya Wii ikaja Juni 2008, na msingi wake ni ile ya PS2, mashine ya zamani zaidi. Kwa hiyo mtandao hamna, duka la nyimbo hamna, hata kujitengenezea mwimbaji wako umvalishe unavyotaka, hamna.

SHABANI: Lakini yangu ina nyimbo 63. Zile nyingine diski yao ilikuwa na 58.

NEEMA: Tano za kifuta machozi.

SHABANI: Kifuta machozi ni kifuta machozi.

NEEMA: Halafu Julai, mwezi mmoja baadaye, wanawauzia watu wa Wii na PS2 diski nyingine ya nyimbo 20, dola 29.99. Nyimbo ambazo wenzao walikuwa wanapakua mmoja mmoja.

SHABANI: Ishirini mara 1.99 ni 39.80. Diski ni nafuu.

NEEMA: Nafuu kama unazitaka zote ishirini! Mwenzako anataka tatu, analipa tatu. Wewe unauziwa fungu zima kama dagaa.

SHABANI: Dagaa hamna shida. Na tusiionee, Wii ilikuwa na megabaiti 512 tu za kuhifadhia. Ungeweka wapi nyimbo?

NEEMA: Afadhali umesema. Desemba ya mwaka huohuo Rock Band 2 ikaingia kwenye Wii hiyohiyo ikiwa na mtandao na duka la nyimbo. Mashine haijabadilika hata skrubu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu alitumwa kuifanya kazi.

SHABANI: Sawa. Na duka hilo leo liko wapi?

NEEMA: Usihamishe goli.

SHABANI: Naliacha palepale. Duka la Wii lilifungwa tarehe 30 Januari 2019, leo humo hununui wimbo hata mmoja. Chukua Guitar Hero Live, gemu nyingine ya muziki, ya 2015: nyimbo 484 zilikuwa zinakuja kwa mtandao. Tarehe 1 Desemba 2018 wakazima seva, zile kompyuta zilizokuwa zinaleta nyimbo, mtu akabaki na 42 za kwenye diski. Mimi diski yangu imetoka Marekani kwenye kontena, imekaa juani, nimeifuta kwa fulana, na nyimbo 63 zote zimo. Ile iliyonyimwa kila kitu haikuwa na cha kunyang'anywa.

NEEMA: Huko ni kumsifia aliyekunyima. Nyumba ikivunjwa baada ya miaka kumi, mimi nimeshailala miaka kumi.

SHABANI: Mimi bado nailala.

NEEMA: Umelala kwenye banda! Jina kwenye kava ni lilelile. Mzazi kaingia dukani 2008 kamnunulia mwanawe, anajua ndiyo ileile anayocheza jirani.

SHABANI: Na sisi huku? Hata wangeweka duka, 2008 ungelipa kwa kadi gani? Kwetu gemu zote zilikuwa hazina mtandao. Kwenye kibanda hakuna aliyewahi kuniambia hii ni pungufu.

NEEMA: Hapana, hapo nakataa. Usichukue shida yetu ukaifanya hoja yao. Mimi sikuwa na kadi, lakini hiyo haiwapi wao ruhusa ya kuuza nusu.

SHABANI: Nusu inayofanya kazi.

NEEMA: Nusu.

SHABANI: Inayofanya kazi.

NEEMA: ...

SHABANI: Umenuna?

NEEMA: Sijanuna, naangalia saa. Tuna dakika mbili na karatasi yangu sijasoma hata namba moja.

SHABANI: Soma namba moja basi.

NEEMA: Namba moja, usinunue ngoma bila pedali.

SHABANI: Hiyo umeiandika sasa hivi! Naona wino.

NEEMA: Namba mbili ilikuwa ya kuangalia nyuma ya kava, wanaandika pale kama ina...

[mlango unagongwa]

SHABANI: Samahani wasikilizaji. Nani? Ingia. Ee, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Mama anasemaje?

[sauti ya mtoto, haisikiki vizuri]

NEEMA: Anasemaje?

SHABANI: Mama Zuhura anaomba kinu. Kesho ana wageni.

NEEMA: [anacheka, hawezi kuendelea]

SHABANI: Mwambie... mwambie mchi umevunjika, uko kwa fundi redio. Hapana, ngoja. Usiseme redio.