Kuhamisha Seva Iliyo Kazini Kwenda Mashine Pepe

Mabibi na mabwana, wahandisi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhamisha seva halisi kwenda kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine) kwa programu za kugeuza, na kwa kuwa muda ni mfupi nitashikilia jambo moja: mara nyingi seva hunakiliwa huku watu wanaitumia.

Chukueni vCenter Converter ya VMware. Ikifika kwenye seva ya Windows inayofanya kazi, huitumia huduma ya Volume Shadow Copy kupiga picha ya diski jinsi ilivyo wakati huo, kisha huisoma picha hiyo na kuipeleka kwenye mashine mpya. Disk2vhd ya Sysinternals nayo hupita njia hiyo hiyo. Picha ni safi, lakini ni ya dakika ile tu. Gigabaiti 500 zikipita kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11, na ndani ya saa hizo karani ameshaingiza ankara na ghala limeshatoa mizigo, wala hakuna hata kimoja kilichomo kwenye nakala.

Ndiyo maana Converter ina hatua ya kusawazisha, ambayo hupeleka yaliyobadilika tu baada ya mzunguko wa kwanza. Kabla ya usawazishaji wa mwisho, huduma za hifadhidata husimamishwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Mahali fulani nilipofanya kazi tuliwasha mashine mpya kwa anwani mpya ya IP, tukaiacha seva ya zamani ikiunguruma kwenye rafu. Kompyuta za mapokezi zilikuwa zimeandikiwa anwani ya zamani badala ya jina la seva, kwa hiyo kufikia mchana tulikuwa na hifadhidata mbili, kila moja na ukweli wake, na tulikesha tukilinganisha risiti moja moja.

Mkitaka kubaki na anwani ya zamani, Windows inaweza kuwaonya kwamba tayari inatumiwa na kadi nyingine ya mtandao, ilhali hamwoni kadi yoyote. Ni kadi ya seva ya zamani, ambayo bado imo kwenye kumbukumbu za mfumo. Onyesheni vifaa vilivyofichwa katika Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, muiondoe. (Programu za mtengenezaji wa seva, zile za kuchunguza feni na diski, ziondoeni pia; hazina tena cha kuchunguza.)

Seva ya Active Directory, ile inayotunza akaunti za watumiaji na kompyuta za mtandao, msiinakili ikiwa inafanya kazi. Jengeni mpya kwenye mashine pepe, ipokee data kutoka kwa wenzake, ndipo ya zamani istaafishwe.

Siku ya kuhama, chomoeni waya wa mtandao wa seva ya zamani kabla ya kuwasha mpya, na diski yake msiifute hadi hesabu za mwezi zifungwe.