Nguzo ya Chuma Isiteleze Juu ya Zege

Wahandisi wenzangu, mafundi, na ninyi vijana wa chuo mliokuja na madaftari, habari za mchana.

Aliyewahi kupanda basi la Singida anaujua mlima wa Saranda, ukishapita Bahi, kabla ya Manyoni. Ule ni ukuta wa Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka. Kwa hiyo tusidhani matetemeko ni ya watu wa Bukoba peke yao, kwa sababu tu lile la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, lilipiga kule Kagera. Sisi wa Dodoma tunajenga jirani na mpasuko wenyewe.

Nitazungumzia mahali pamoja tu, pale pleti ya nguzo ya chuma inapokalia zege. Ardhi ikisukumwa ghafla upande mmoja, msingi unakwenda nayo, lakini paa na kila kilicho juu vinachelewa kufuata. Mvutano huo unaishia kwenye pleti, unataka kuitelezesha na kukata kama mkasi bolti zinazoishikiza kwenye zege. Ndiyo nguvu ya mkato.

Wengi tunauachia msuguano kazi ya kuizuia. Haya, shikeni kalamu. Nguzo imebeba kilonewtoni 200. Kanuni za Ulaya zinatoa kigezo cha msuguano cha 0.2 kwa grauti ya saruji na mchanga, ule uji unaojaza nafasi kati ya pleti na zege, tunapata 40. Sasa tetemeko linaliinamisha ghala: nguzo za upande huu zinaelemewa, za upande ule zinataka kung'oka. Nguzo iliyobakiwa na 30 ina msuguano wa 6. Ikianza kunyanyuka, haina kitu. Mimi kwenye tetemeko siuhesabu kabisa.

Basi zinabaki bolti, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Niliwahi kuitwa kukagua ghala la nafaka. Nguzo ya pembeni ilikuwa na bolti nne za milimita 24. Moja ilikuwa imeinamishwa kwa nyundo ili iingie. Tundu la jirani yake lilitanuliwa kwa gesi hadi likawa kama yai. Pleti imekalia vijiwe, grauti haikuingia. Nilipitisha vidole chini yake. Nguvu ikija hapo, bolti moja inagusa chuma na kubeba peke yake, tatu zinasubiri. Na kwa kuwa ipo wazi chini ya pleti, itapindwa kabla ya kukatwa. Niliumia, maana gharama ya kuzuia yote yale ilikuwa kipande cha plaiwudi kilichotobolewa, cha kushikilia bolti wakati wa kumwaga zege. Matundu makubwa kuliko bolti yanaruhusiwa, ila unaweka washa nene za pleti juu yake na kuzichomelea, bolti zote zishike pamoja.

Halafu ukingo. Bolti ikiwa karibu na ukingo, zege linabanduka kipande kizima, ghafla, bila onyo. Chuma kinavutika kwanza, zege halina subira hiyo. Ukiongeza umbali wa ukingo mara mbili, uwezo wa zege kutobanduka unapanda takriban mara 2.8, mradi kina na upana wa msingi visibane. Msiukate msingi uwe mwembamba ili kuokoa mifuko michache! Na ringi za nondo: kanuni za Marekani zinataka angalau mbili za milimita 12 hivi, ndani ya milimita 125 za juu, zikizunguka bolti.

Nguvu ikiwa kubwa, napendelea jino: pleti nene iliyochomelewa wima chini ya pleti ya nguzo, ikashuka kwenye shimo lililoachwa katika zege. Jino linalisukuma zege moja kwa moja, bolti zinabaki na kazi ya kuzuia kung'oka. Ila kina chake hesabu ndani ya zege. Unene wa grauti ya juu usiuhesabu.

Fundi pale nyuma anauliza hewa itatoka wapi. Swali la mtu aliyeshika kazi. Toboa pleti tundu la milimita 25 kila upande wa jino. Mimina grauti kutoka upande mmoja tu, usiache hadi uione ikichomoza kwenye tundu la upande wa pili.